Baada ya Jiwe Kuvunjika

Mwezi uliopita walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu anayestaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa ngapi. Kisha vijana wawili wa maabara wakaniomba niwaandikie habari za ile mashine kubwa ya kukandamiza mawe. Walitaka hasa kujua kwa nini juu ya swichi yake ya kuzimia pamebandikwa utepe wenye neno la Kiswahili. Nimekubali. Mambo ya kupandishwa cheo nayaacha, maana yalikuwa machache na hayana ladha. Naanza na siku ya kwanza.

Nilikuja Minneapolis nikimfuata mume aliyekuwa anasoma. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mume alihamia jimbo jingine na maisha mengine, mimi nikabaki na chumba kimoja Saint Paul na koti lisilotosha baridi. Chuoni walikuwa wanatafuta mtu wa maabara ya mawe, mwenye mikono mitulivu. Mikono ilikuwa mitulivu, roho ndiyo haikuwa, lakini hilo hawakuliuliza.

Maabara ilikuwa chini ya ardhi, karibu na mto, na fundi mkuu alikuwa mzee mmoja mrefu aitwaye Harlan. Alizaliwa kaskazini, kwenye migodi ya chuma, na ujanani alichimba chini kabla migodi ile haijafungwa. Maneno yake yalihesabika. Ukimuuliza hali alijibu, "Si mbaya sana," hata kama gari lake lilikuwa limezama kwenye theluji tangu asubuhi. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha jiwe la granite, mviringo, ukubwa wa kopo la maziwa, akaniambia nisugue ncha zake mpaka ziwe bapa. Nikasugua kutwa nzima. Jioni akakipima mara tatu, akasema si mbaya sana, akanipa kingine. Nilipanda basi nikiwa nimenuna. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba kwa Harlan hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipande cha jiwe tunakivisha mpira, tunakibandika vitambuzi vidogo ubavuni, tulivyoviita masikio, tunakiweka ndani ya mtungi wa chuma uliojaa mafuta. Pampu inasukuma mafuta ili jiwe libanwe pande zote, kama lilivyokuwa limebanwa huko chini lilikotoka. Halafu mashine inalikandamiza kutoka juu, polepole sana. Masikio yanasikia kila ufa mdogo unaofunguka, kalamu inauchora kwenye karatasi inayozunguka. Kwanza kimya. Halafu kidogo kidogo. Halafu kalamu inaanza kuruka kama mtu mwenye homa, na ghafla mlio mmoja, tena hausikii kwa sikio tu, unausikia miguuni. Jiwe limevunjika.

Hapo ndipo mimi nilikuwa hodari. Kwetu Rungwe kitu kikivunjika hukai kukitazama, unachukua ufagio. Mama yangu alikuwa hivyo, na mimi ni hivyo. Jiwe likishavunjika nilizima mashine na kalamu yake ya kuchora, nikafungua mafuta, nikatoa vipande, nikafuta meza, nikapanga funguo kwa ukubwa. Dakika kumi tu, ungedhani hapajavunjika kitu tangu dunia iumbwe. Waliotuletea mawe walitaka namba moja tu: limevunjika kwa nguvu kiasi gani. Namba tuliwapa. Kwa miaka minne nilivunja mawe mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuna aliyelalamika. Nilisifiwa kwa usafi.

Kisha akaja Swaleh. Alikuwa kijana wa Mombasa, mwanafunzi wa shahada ya juu, mwembamba, mwenye adabu za watu wa pwani na miwani iliyofungwa kwa waya. Jumamosi na Jumapili aliuza viatu kwenye lile duka kubwa la Bloomington. Siku za kazi alikuwa kwetu, akiniita Bi Atu, maana jina langu ni Atupele. Alikuwa amebeba kwenye sanduku lake mawe matatu kutoka Bonde la Ufa, akayakata vipande vitatu tu. Alinieleza anachotafuta, nami nikamjibu ndiyo, ndiyo, huku nikiendelea kufuta funguo. Sikuwa nimesikiliza.

Jiwe lake la kwanza lilivunjika mchana, mwezi wa Februari, Ramadhani. Yeye alikuwa ametoka kwenda kuswali. Aliporudi alikuta meza inang'aa na vipande vya jiwe lake vimo ndani ya mfuko, na lebo nimeiandika kwa mwandiko mzuri. Karatasi ya kuchora ilikuwa imeishia pale pale penye mlio.

Aliifuata karatasi kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Bi Atu," akasema, "mbona imeishia hapa?"

"Limevunjika."

"Najua limevunjika. Mimi nilichokuwa nataka ni baada ya hapo. Hiyo ndiyo research yangu yote. Baada ya hapo."

Nikamwambia baada ya hapo hakuna kitu, ni kufagia tu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Una bahati nimefunga," akasema. Kisha akacheka, kicheko cha mtu ambaye amebaki na mawe mawili. Niliona aibu, lakini ile aibu ya mtu anayeona amekosewa kwa kuwa hakuambiwa vizuri.

Wiki ile ile, Alhamisi, tetemeko lilipita kwetu. Magazeti ya Minneapolis hayakuandika hata mstari. Nilijua Jumapili, kwa sababu kila Jumapili saa moja asubuhi yangu, ambayo kwao ni saa kumi jioni, mdogo wangu Tumpe alikuja kwenye simu ya parokia nami nikampigia. Siku ile alishika simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Dada, ardhi imetikisika. Nyumba imesimama, ila ukuta wa nyuma umepata ufa, mkono wangu unaingia."

Nikamuuliza wamelala wapi. Akasema kwenye kibanda cha turubai migombani, usiku wa tatu sasa, yeye na mwanawe Lusajo, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mnajua mvua ya Rungwe mwezi wa pili? Hamuijui. Haina adabu. Nilimsikia mtoto akikohoa pale pale kwenye simu, kikohozi kizito cha kifuani.

"Majirani wengine wamerudi ndani, wengine wanaogopa," akasema. "Mimi nimewaambia nina dada anayefanya kazi ya mawe Amerika, nitamwuliza yeye. Nirudi ndani, dada?"

Nami, Atupele binti wa mama wa kufagia, nikamjibu bila kupepesa. Nikamwambia mwamba ukishavunjika umevunjika, nguvu imekwishatoka, mimi kila siku naona kwa macho yangu. Mpeleke mtoto ndani apate joto. Tumpe akasema asante dada, kwa sauti ya mtu aliyeshushwa mzigo. Nikaenda kanisani nimeridhika.

Jumanne tukavunja jiwe la pili la Swaleh. Safari hii alisimama kati yangu na swichi, na Harlan alikuwa ameunganisha spika ndogo kwenye masikio ya jiwe ili tusikie pamoja na kuona. Saa nne kamili jiwe likavunjika, ule mlio wa miguuni. Mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Bado, Bi Atu!" Swaleh akanishika kiganja. "Usiizime. Usiguse kitu chochote. Hold hapo hapo ilipo."

Tukasimama. Spika ikaanza. Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta, ikafululiza kama mahindi kwenye chungu cha moto. Kalamu ilikuwa haitulii. Jiwe lilikuwa limeshavunjika, mashine haiongezi hata chembe ya nguvu, na bado lilikuwa linavunjika.

"Nini kinalivunja?" nikauliza.

Swaleh alinyoosha vidole viwili, akaviteleza kimoja juu ya kingine. "Watu wadhani stress, ule mkazo, yaisha jiwe likivunjika. Haiishi, yahama. Pale ufa ulipoteleza pamepumua, sawa, lakini kwenye ncha za ufa na kwa majirani zake mzigo umeongezeka. Na kati ya hao majirani, wengine walikuwa wako karibu kuvunjika tangu zamani."

Nilielewa upesi kuliko nilivyopenda. Ni kama watu sita waliobeba kabati. Mmoja akiachia, uzito hauendi popote, unawaangukia watano.

"Basi si wangevunjika wote hapo hapo?" nikasema. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

"Wengine huvunjika hapo hapo. Wengine wavumilia. Kuna maji ndani ya jiwe, Bi Atu, kwenye vinyufa. Yale maji yala ncha ya ufa taratibu, mpaka siku yake. Na yakisukumwa upande mmoja yachukua muda kufika upande mwingine, yakifika huko yausukuma ufa mwingine ufunguke. Na ule ufa mkubwa wenyewe haujatulia, waendelea kuteleza kidogo kidogo, kimya, ukiwavuta majirani. So matetemeko yafuatayo huwa mengi mwanzoni, kisha yapungua, yapungua, lakini mkia wake mrefu."

"Na yanakuwa madogo zaidi kila siku?"

Hili swali nililiuliza nikimwangalia usoni, na nadhani aliona kitu.

"Hesabu ndiyo yapungua," akasema polepole. "Ukubwa hauna ahadi. Siku ya tano laweza kuja moja kubwa kuliko yote ya siku ya pili. Na nyumba iliyokwisha kupata ufa haingoji kubwa."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikawaambia. Niliwaambia kila kitu, ukuta, mkono unaoingia, kikohozi, na yale niliyomjibu. Miaka minne nilikuwa nikizima mashine mara tu jiwe linapovunjika, halafu nikamwapia mdogo wangu kwamba baada ya hapo ni kimya.

Harlan alikuwa ameegemea meza. Akasema, kwa sauti ile ile ya si mbaya sana, kwamba kule mgodini wakishalipua baruti hawakuingia. Walikaa nje, wakala mkate wao, wakasikiliza mwamba unavyoongea. Ukipunguza maneno ndipo mzee mmoja anaingia na fimbo ndefu ya chuma, anagonga dari, anaangusha kilicholegea.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" Nilimfokea, mzee wa watu. Miaka minne.

"Nilidhani kila mtu anajua," akasema, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akanisogezea simu ya ofisi.

Laini ya nyumbani enzi zile ilikuwa bahati nasibu. Nilipiga mara ambazo sikuzihesabu, nikipata ile milio ya haraka inayokukejeli, na nyuma yangu spika inasema ta, ta, na kila ta nilishtuka. Saa tano ikaingia. Sista Yudita wa parokia akapokea, nami nikamwambia pigeni mbio kwa Tumpe, atoke ndani. Akanijibu kwa upole kwamba kwao ni saa mbili usiku, mvua inanyesha, daraja la miti limejaa maji, hakuna anayeweza kuvuka mpaka kupambazuke. Asubuhi na mapema atamtuma mtu, na Tumpe atakuwa kwenye simu kesho saa kumi jioni. "Tutasali," akasema. Nilimwambia asante sista, lakini moyoni nilitaka mtu mwenye tochi.

Nifanye nini? Nilibaki maabara. Sikuwa na kazi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kufagia na palikuwa hapaguswi. Swaleh alivuta kigoda karibu yangu, akanipa kalamu ya risasi, akaniambia nimsaidie kuandika dakika ya kila mlio. Najua sasa kwamba mashine ilikuwa inaandika yenyewe. Niliandika. Saa ya kwanza sikuweza kuwahi. Adhuhuri nilipata nafasi ya kunywa maji kati ya mlio na mlio. Alasiri niliweza kuzitaja sala mbili tatu katikati. Kisha, wakati mkono wangu umeanza kulegea na nikifikiri limetulia, likaja pigo moja kubwa lililoipeleka kalamu mpaka ukingo wa karatasi. Nilipiga kelele. Hakuna aliyecheka.

Jua lilipozama Swaleh alifungua kikopo cha tende alichokuwa amekiweka kwenye rafu. Akanipa ya kwanza mimi, ambaye sikuwa nimefunga.

"Atakuwa salama, inshallah," akasema. "Kula, Bi Atu. Nawe hujala tangu asubuhi."

Na kweli sikuwa nimekula. Harlan alini-drive hadi nyumbani Saint Paul, ingawa yeye alikaa Maplewood. Alipofika mlangoni kwangu alizima gari akakaa kidogo kabla ya kuniacha nishuke. Sijasahau.

Jumatano saa moja asubuhi nikapiga. Ikaita mara moja.

"Dada, usinikasirikie," ndiyo maneno ya kwanza. Tumpe alikuwa analia; aliyetumwa alikuwa amemwambia tu kwamba dada anamtafuta. "Nimetoka ndani. Jumapili tuliingia kama ulivyosema. Jumatatu usiku nikasikia ule ukuta unalia, ta, halafu kimya, halafu ta, na vumbi linamwangukia mtoto usoni. Nikambeba nikarudi kwenye turubai. Nilitaka kukuambia Jumapili ijayo, lakini nilikuwa naogopa. Nilijua utasema mimi sijasoma."

Fikirini: mtu aliyesikiliza ndiye anayeomba radhi, na mimi mwenye masikio ya chuma na spika ndiye ninayeombwa.

"Tumpe," nikasema, "ni mimi niliyekosea."

Akaita haloo, haloo. Nadhani alidhani laini imekatika, kwa sababu tangu tuzaliwe hakuwahi kuyasikia maneno hayo kutoka kwangu. Nikayarudia. Nikamwambia abaki nje, amvishe mtoto kila kitambaa kilichomo nyumbani, amwite fundi aubomoe ukuta wa nyuma kabla ya mtu yeyote kulala chini yake. Akasema amesikia. Kisha akaniuliza kama huku kuna baridi.

Jumapili iliyofuata aliniambia mtoto amepata dawa, anapumua vizuri, na kuhusu ukuta akasema tu, "Ule tumeshamalizana nao." Nikacheka. Nikajua fundi alikuja.

Alhamisi yake, Harlan alikata utepe mweupe, akanipa kalamu nene, akaniuliza lile neno alilolisema Swaleh aliponishika mkono linaandikwaje. Nikaandika BADO. Tukalibandika juu ya swichi. Tangu hapo hakuna jiwe lililozimiwa mashine siku ile ile lilipovunjika, nami nikajifunza kukaa na meza chafu, jambo lililonigharimu zaidi ya baridi yote ya Minnesota. Swaleh alipata alichokitafuta kutoka jiwe la pili na la tatu, akahitimu, akarudi kwao. Harlan alistaafu, na kwenye keki yake alisema si mbaya sana.

Nilirudi Rungwe kutembea miaka mingi baadaye, ikiwa imebaki mwaka mmoja nistaafu. Nyumba ilikuwa mpya. Nyuma yake, penye jua, vyombo vilikuwa vimeanikwa juu ya kitanda cha chuma cha zamani kilichogeuzwa kichanja, na chuma chake kimepinda hadi chini upande mmoja. Lusajo, sasa mwanamume mwenye ndevu, alikuwa anapanga masufuria.

"Hiki nani alikivunja?" nikamuuliza.

"Ni ukuta, mama mkubwa. Ule wa nyuma. Ulianguka Jumamosi mchana, fundi alikuwa aje Jumatatu. Mama hajakuambia?"

Nikakitazama. Upande uliopinda ulikuwa ule wa ukutani. Kwetu mtoto hulazwa upande huo, ili asianguke.

Nikamfuata Tumpe jikoni. Alinitazama tu akajua nimetoka nyuma ya nyumba.

"Ulikuwa peke yako kwenye theluji," akasema, akiendelea kumenya ndizi. "Ungelala na nani na habari ile?"

Nilichukua kisu nikakaa kumsaidia. Niliporudi Minneapolis herufi za utepe zilikuwa zimefifia, nikazipitia upya kwa kalamu nene. Huo ndio mnaouulizia. Msiubandue.